Kamba za Katikati

Kila asubuhi Bi Mashavu aliamka kiuno kimekaza, akashikilia ukuta mpaka aweze kusimama wima. Alijichua kwa mafuta ya nazi, akajikanda kwa maji moto, lakini wapi. Mwishowe akamwita Kheri, fundi wa kuwamba vitanda vya kamba.

Kheri aliondoa godoro, akapitisha kiganja juu ya kamba polepole, kama anayepapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba.

"Shangazi, hapa mnalala wangapi?"

"Mimi na mume wangu. Ulitaka tulale na nani tena?"

"Hebu njoo uone."

Kamba za pembeni, huku na huku, zilikuwa zimelegea mpaka zinaning'inia. Za katikati zilikuwa bado zimekaza kama siku ya kuwambwa.

"Unalala umebanwa na ubao wa ubavuni mwa kitanda, kiuno kimezama shimoni," Kheri alisema. "Na mzee je, haumwi?"

Bi Mashavu aligeuka. Mumewe, Bwana Sefu, alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Tangu lini?" alimuuliza.

"Kitambo," Bwana Sefu alijibu. "Hukuuliza."

Kheri alizikaza kamba zote upya. "Mkirudi kulala pembeni, mtaniita tena mwezi ujao. Haya, jaribuni," alisema, akatoka kwenda kunawa mikono.

Bi Mashavu alijilaza pembeni kwa mazoea, uso ukutani. Akasikia kitanda kinalia upande wa pili. Akangoja, ajue mumewe ataishia wapi. Kisha, taratibu, kamba zilizo nyuma ya mgongo wake zikaanza kubonyea.