Taa za Mchana

"Baba, zima taa bwana! Jua linawaka, watu wanatucheka!"

Kweli, kila dereva waliyepishana naye alimfumbia na kumfumbulia kiganja: mzee, umesahau taa. Hakusahau. Mkewe aligongwa mchana kweupe na gari la rangi ya lami ambalo hakuliona. Wakubwa wakaja msibani na ving'ora vyao, wakaahidi, wakala, wakaondoka.

Binti akanyoosha mkono, akazizima mwenyewe huku akicheka.

Papo hapo, mbele yao, basi likachomoza nyuma ya lori, likaanza kulipita, likawajia usoni. Na kigari chao nacho rangi ni ileile ya lami.

"Halituoni," baba akasema.

Vidole vyake vikapapasa kitufe cha taa, vikateleza kwa jasho.

Binti alikuwa bado anacheka.