Jini la Chumba cha Uani

"Hivi Bi Sitara, jini lako linakula ubwabwa?"

Candida, mpangaji wa chumba cha mbele, aliuliza hivyo siku alipomwona mwenye nyumba wake anaweka sahani mlangoni pa chumba cha uani, kile kilichopigwa kufuli tangu mwezi uliopita.

"Anakula anachojaaliwa," Sitara alijibu, akaenda zake kuswali.

Hakusema uongo. Ulimi wake ulikuwa na udhu. Neno "jini" lilikuwa la Candida, na kwa Candida likaenda bombani, kutoka bombani likafika sokoni Kariakoo. Sitara akaliacha litembee. Kufuli huvunjwa, lakini jini nani alisogelee?

Maana ndani ya chumba kile alikuwamo Mwinyimvua, mwanawe wa pekee. Karakana aliyofanyia kazi ilifungwa kwa kukosa vipuri, na mjini kulikuwa na msako wa nguvu kazi. Mgambo wakikusimamisha swali ni moja tu: kitambulisho cha kazi kiko wapi? Huna, unapandishwa lori, moja kwa moja shamba. Mwinyimvua alikuwa na pumu. Vumbi la kufagia uwanja peke yake lilimlaza siku tatu. Huko kwenye jembe angemaliza wiki?

Na leo, baada ya alasiri, jini lilikuwa limemletea mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kijana alikuwa na suti ya Kaunda na faili kwapani. Alisema anaitwa Pantaleo, wa ofisi moja ya utalii kule Posta. Jumamosi jioni wageni wa melini watatembezwa mjini kwa miguu, waonyeshwe mambo ya kutisha. Wataanzia jumba la Mjerumani, wasikie kisa cha mumiani pale Mnazi Mmoja, wamalizie hapa, kwa jini la Bi Sitara.

"Gari kubwa linafika mlangoni?" aliuliza.

"Si umesema wanatembea?"

"Wapo watakaochoka." Akaandika.

Sitara akageuka kuitazama kufuli. Gari kubwa. Lori.

"Jini lenyewe linalia?" Pantaleo akaendelea. "Maana jumba la Mjerumani tulilijaribu juzi. Tumesimama na wakubwa saa nzima, hata panya hakulia. Mkubwa wangu kaniambia, shetani mmoja tena akikosa kuja, na mimi nikatafute jembe."

"Mashetani hayapangiwi zamu, baba."

"Hilo ndilo linalonimaliza, mama."

Ndipo chumba kikakohoa. Kikohozi kirefu, chenye mluzi ndani yake. Sitara alishika tasbihi ikawa kama kamba ya kumwokoa majini. Pantaleo alichutama, akaitazama sahani. Imelambwa, miiba ya samaki imepangwa ukingoni.

"Jini linatema miiba?"

"Koo lake jembamba."

"Lina miaka mingapi?"

"Ishirini na sita," mdomo wa mama ulijibu kabla ya kichwa. "Anatimiza mfungo sita."

Hata mtoto wa chuoni anajua jini huhesabiwa kwa mamia.

"Bado bichi," Pantaleo alisema polepole.

Nje, kwenye kona, filimbi ya mgambo ililia. Sauti za wanaume zikajibizana, zikawa zinakaribia nyumba kwa nyumba. Sitara aliuegemeza mgongo wake mlangoni.

"Mwanangu, na wewe una mama?"

Pantaleo alitoa kadi ndani ya faili, akaandika juu ya goti lake, akainama. Kadi na kalamu akavipenyeza chini ya mlango, katikati ya miguu ya Sitara.

"Jaza jina," aliuambia mlango.

"Usiguse!" Sitara alinong'ona. "Mwinyi, usiguse kitu!"

Akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Jina amelitoa mwenyewe!

Kisha akasikia kalamu ikikwaruza. Ya Rabi, mtoto anajiandikisha kwa mkono wake! Kadi ikarudi, na kalamu juu yake. Pantaleo akatoa mhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu hadi Sitara akaruka.

Hodi ya mgambo ilikwisha kupigwa kwa jirani.

Pantaleo akaiweka kadi katika kiganja cha Sitara, akakikunja kwa vidole vyake mwenyewe, akapita ukumbini na kutoka.

Sitara alikifungua kiganja, akasoma kwa kufuatisha kidole, kama alivyofundishwa darasa la nne: *Kitambulisho cha Kazi. Jina: Mwinyimvua Ramadhan. Kazi: Jini, zamu ya jioni.*