Ubeti wa Pili

Saumu alikuwa akisomea taaluma za utamaduni chuo kikuu, na mwalimu wao alimtaka kila mwanafunzi alete wimbo wa kubembelezea mtoto, kama ulivyoimbwa kwao. Mama yake alifariki yeye hajaanza hata kutembea. Basi akaenda kwa baba yake, akamkuta uani, amekaa mkekani anapepeta mchele.

"Baba, mama alikuwa akiniimbia nini?"

Mzee akauweka ungo kando. Akakohoa, kisha akaimba ubeti mmoja kwa sauti ya kukwaruza, macho kayaelekeza ukutani:

"Lala, pande la moyo wangu, mvua imeshapita..."

Akanyamaza. Saumu alisubiri, simu yake ikirekodi kimya kile.

"Na ubeti wa pili?"

"Siujui, mwanangu."

"Umeusahau?"

"Sijapata kuusikia. Nilikuwa nikikaa mlangoni nasikiliza, natamani aendelee. Lakini wewe ulikuwa mwepesi wa kulala. Ukishasinzia tu, naye ananyamaza."

Kwa kazi ya chuo, ubeti mmoja ungetosha. Saumu akaizima simu, akajilaza mkekani kando ya baba yake.

"Imba tena, baba. Safari hii silali."

Mzee akaanza upya. Maneno yalipomwishia hakunyamaza. Aliendelea na mahadhi matupu, taratibu, kama mtu anayepapasa njia gizani, na Saumu akaikazia macho midomo yake, asipepese.