Upande wa Pili wa Shingo

Mchinjaji alikuwa ameshashika kamba Daktari Nyamizi alipoona shingo ya ng'ombe: ilikuwa imenyolewa upande mmoja tu.

"Mwachie," alisema.

Bi Kabula, mwenye ng'ombe, alikuwa ameshaagana na Mabaka wake, macho mekundu. "Si wewe mwenyewe uliyesema jana kwamba ini limekwisha?"

"Nilisema, mama, na nilikosea. Rangi ya kupima ini niliitia kwenye mshipa huu, na damu nikaitoa humu humu. Ni kama kuonja mchuzi pale pale ulipomwaga chumvi."

Mchinjaji alicheka. Nyamizi hakumjali. Alinyoa upande wa pili, akachoma rangi upande ule wa jana, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametulia kama mtu aliye kwake. Ini zima huiondoa rangi katika damu kwa nusu saa. Ini bovu huiacha izunguke.

Nusu saa ilipotimia alitoa damu upande mpya, akasubiri mpaka maji yake ya manjano yakajitenga juu, akayamimina katika kichupa safi. Kilichobaki kilikuwa kutia tone moja la dawa ya kuidhihirisha rangi. Kama rangi ingalimo, maji yangegeuka zambarau.

Alikiinua kichupa juani.

"Njoo uangalie kwa macho yako, mama," alisema, akadondosha tone.

Bi Kabula alisogea. Maji yalibaki manjano. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu juzi, Mabaka alianza kucheua.