Kastadi Isiyoonjwa

Kila Ramadhani, aliyemwonjea Zumla mapishi alikuwa bintiye Rahma, maana mtoto huyo alikuwa hajafikia umri wa kufunga. Mwaka huu Rahma yuko kaburini, na nyumba nzima imefunga.

Alasiri hiyo Zumla alichemsha maziwa, akayeyushia chokoleti chungu, akatia kahawa nzito na mayai yaliyopigwa. Mara akajikuta amechota kidogo kwa kijiko na kukinyoosha kuelekea mlangoni, kama alivyozoea.

"Njoo uonje, mama."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Akakisuuza kijiko, akamimina kastadi kwenye sufuria, akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko.

Adhana ya magharibi ilipolia, mumewe Shamte alifuturu kwa tende, kisha akajipakulia kastadi. Alipoonja kijiko cha kwanza alimtupia Zumla jicho. Akala mpaka bakuli likabaki tupu.

"Vipi?" Zumla aliuliza.

"Imekolea, mke wangu. Niongeze."

Ndipo naye akaonja. Ilikuwa chungu kama shubiri. Sukari hakuwa ametia hata chembe.

Alimtazama Shamte. Bado alikuwa amenyoosha bakuli, akingoja kuongezewa.