Ngazi Shambani

"Haya Jofre, baba yako anafanya nini sasa hivi?" mwalimu wa Kiingereza aliuliza.

"Anamtafutia mchumba!" mwanafunzi mwenzake alidakia. Darasa zima likacheka.

Jofre alitazama viganja vyake, bado vyeusi kwa zeituni za jana. Asubuhi, ili awahi basi la kwenda darasani mjini Lleida, alimdanganya baba kwamba jirani angekuja kumshikia ngazi. Jirani hakuambiwa lolote.

"Baba anachuma zeituni," alijibu kwa Kiingereza, polepole. "Anapanda ngazi mbovu. Hakuna anayeishika."

"Safi sana, ndugu yangu! Hata kosa moja hakuna!" Mwalimu akapiga makofi, na darasa likamfuata.

Jofre alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, akimpigia baba. Iliita, ikaita, ikaendelea kuita.