Sahihi ya Pili

"Angalia tena, Mzee. Pembeni, mkono wa kushoto."

Msomaji mkuu wa sampuli za wagonjwa pale maabara, ambaye wenzake walimwita Mwewe kwa ukali wa jicho lake, alishaondoka kwenye hadubini. Alikuwa amerudi jana tu kutoka likizo fupi, na likizo haikumtuliza.

"Nimeangalia mara tatu. Ni kifuko cha maji cha taya, basi. Kimeingia usaha kidogo."

Msomaji mdogo, dada aliyefundishwa kazi na huyu huyu Mwewe, akainama mwenyewe. Utando wa ndani wa kifuko kama hicho huwa mwembamba, seli zake zimejipanga vizuri. Hizi zilikuwa zimepandiana, viini vyake vikubwa na vyeusi, na mahali pamoja zilishaanza kuchimba kwenda chini. Hata mwanafunzi angeona.

"Hii ni saratani inaanza, Mzee."

"Ukiandika hivyo watamkata nusu ya taya. Umewahi kumwona mtu wa namna hiyo akila?"

"Bora ale kwa mrija kuliko azikwe."

"Taya si lako, mwanangu. Ndiyo maana una haraka ya kulikata."

Hasira zilimpanda dada, kisha zikageuka huruma. Uzee umemfika, aliwaza. Macho yamekwisha na hakuna wa kumwambia. Na kanuni ilikuwa wazi: wasomaji wakitofautiana, sahihi ya mkuu ndiyo inayosimama. Mwewe akaandika "Hakuna tatizo", akatia sahihi yake chini ya maoni na sahihi ya dada, akaisukuma fomu kwenye trei ya majibu.

Dada alibaki na kalamu isiyo na kazi. Aliogopa, na aliona aibu kwa kuogopa. Kuna mtu angeipokea karatasi ile, angemshukuru Mungu, kisha angerudi baada ya miezi sita wakati hakuna tena cha kukata.

Fomu hazikuandikwa majina, ili msomaji asimpendelee mtu. Ziliandikwa namba ya simu tu. Kumpigia mgonjwa lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, na livunjike.

Mwewe alipompa mgongo kuvua koti, dada alinyanyua simu ya mezani, akabonyeza namba moja moja.

Simu ikaita mfukoni mwa koti. Mwewe aliitoa, akaitazama namba ya maabara, akaiacha iite.